Zamu ya Kusema: Mazungumzo kati ya Kompyuta na Ala ya Upimaji

1.0 Utangulizi

Katika maabara za fizikia na za uhandisi husemwa kila siku kwamba kompyuta "inasoma" data kutoka katika ala ya upimaji. Kitenzi soma kimezoeleka mno mahali hapo hata hakuna anayekitilia shaka. Hata hivyo kinapotosha. Anayesoma kitabu hukikuta kimekwisha kuandikwa. Anaweza kukifunga na kukifungua atakapo, kuurudia ukurasa uleule mara kumi, au kuanzia mwisho. Ala ya upimaji haiko hivyo. Kwa kawaida jibu lake halipo mpaka iulizwe. Ikishaulizwa huhitaji muda wa kupima, kisha hupewa zamu ya kusema, na wakati huo kompyuta iliyouliza hupaswa kunyamaza mpaka baiti ya mwisho itoke. Kinachotendeka hapo ni mazungumzo, tena mazungumzo yenye kanuni kali kuliko zile za wanadamu.

Lengo la makala hii ni kueleza kanuni hizo kwa jicho la isimu, hususan pragmatiki. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu kubwa ya data inayoharibika katika safari ya kutoka kwenye ala hadi kwenye kompyuta haiharibiki kwa sababu ya waya uliokatika. Huharibika kwa sababu zamu ya usemi imevunjwa. Aidha, kosa la kuogopwa zaidi si lile linaloleta ukimya, maana ukimya hujitangaza wenyewe. La kuogopwa ni jibu sahihi lililopokewa kama jibu la swali jingine.

Kuhusu istilahi, neno ala limetumiwa kwa chombo chochote cha kupimia, kiwe multimita, osiloskopu au kipimajoto cha umeme. Kwa mashine inayoongoza kazi limetumiwa neno kompyuta, ingawa ngamizi na tarakilishi nayo yamependekezwa na kutumiwa kwa nyakati mbalimbali. Kwa kuwa mashine hiyo ndiyo inayogawa zamu, imeitwa kompyuta ongozi.

2.0 Chimbuko la mfumo

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilibuni njia ya pamoja ya kuunganisha ala zake na kompyuta. Mwaka 1975 njia hiyo ilikubaliwa kuwa kiwango rasmi chenye namba IEEE 488. Ni sadfa ya kufurahisha kwamba mwaka huohuo ndipo makala ya Grice kuhusu mantiki na mazungumzo ilipochapishwa, na mwaka mmoja kabla yake Sacks, Schegloff na Jefferson walikuwa wametoa uchambuzi wao wa ugawaji wa zamu katika mazungumzo ya kila siku. Hakuna dalili kwamba makundi hayo yalijuana. Hata hivyo yote yalikuwa yakishughulikia swali moja: nani aseme, lini, na wengine watajuaje kwamba amemaliza?

Kiwango cha mwaka 1975 kilitawala umbo la waya, umeme na utaratibu wa kupitisha baiti, lakini kiliacha lugha yenyewe huru. Kila kiwanda kilijitungia maneno yake. Mwaka 1987 kiwango kiligawanywa: IEEE 488.1 ikabaki na mambo ya umeme, na IEEE 488.2 ikaweka sarufi ya ujumbe, yaani muundo wa swali, muundo wa jibu na adabu ya kubadilishana. Mwaka 1990 viwanda vikakubaliana pia juu ya msamiati wa pamoja uitwao SCPI. Mwanaisimu ataona hapo ngazi zake zilezile zikijengwa kutoka chini kwenda juu: fonetiki kwanza, sintaksia baadaye, msamiati mwisho. Ala za leo nyingi hutumia USB au mtandao badala ya waya wa 1975, lakini sarufi na msamiati huo bado vinatumika.

3.0 Msemaji, msikilizaji na kiongozi

IEEE 488 hugawa majukumu matatu: msemaji, msikilizaji na kiongozi. Kwenye njia moja vinaweza kuunganishwa vyombo 15, pamoja na kompyuta yenyewe. Kwa wakati wowote msemaji ni mmoja tu, ilhali wasikilizaji wanaweza kuwa wengi. Kila chombo kina anwani yake kati ya 0 na 30. Njia ina nyaya 16 za ishara: 8 hubeba baiti yenyewe, 3 husimamia makabidhiano, na 5 huendesha mkutano.

Kati ya hizo 5, waya uitwao ATN unastahili kuangaliwa kwa makini. Kiongozi anapouwasha, kila chombo huacha kinachofanya na kusikiliza, na baiti zinazopita wakati huo si maneno ya mazungumzo bali ni maagizo ya ugawaji wa zamu. Ukizimwa, baiti zilezile hurudia maana zake za kawaida. Chukua baiti yenye thamani 86, ambayo katika msimbo wa herufi ni V. ATN ukiwa umezimwa, hiyo ni V tu, kwa mfano ile iliyomo katika neno VOLT. ATN ukiwa umewashwa, baiti hiyohiyo humaanisha: "wewe mwenye anwani 22, zamu ya kusema ni yako", kwa kuwa anwani za kusema hupatikana kwa kujumlisha 64 na namba ya chombo. Anwani za kusikiliza hupatikana kwa kujumlisha 32, hivyo chombo hichohicho huamriwa kusikiliza kwa baiti 54, yaani alama ya tarakimu 6.

Mfano ulio bora zaidi ni baiti 63, alama ya kuuliza. Ndani ya mazungumzo, alama hiyo ndiyo inayoifanya kauli kuwa swali. ATN ukiwashwa, humaanisha: "wote acheni kusikiliza". Hii ni homonimu kamili. Maana zake mbili hazina uhusiano wowote, na kinachozitenganisha ni muktadha peke yake, nao muktadha huo umewekwa kwenye waya mmoja. Katika lugha za binadamu muktadha hutawanyika katika sauti, uso, mahali na historia ya wahusika. Si mara nyingi mchunguzi anaweza kuugusa kwa kidole.

Kupata kipimo kimoja kutoka kwenye chombo cha anwani 22 huendeshwa hivi. Kompyuta huwasha ATN, huwaambia wote waache kusikiliza, hujitangaza yenyewe kuwa msemaji na kumtaja 22 kuwa msikilizaji. Huzima ATN na kutamka swali lake, kwa mfano MEAS:VOLT:DC?, likifuatiwa na alama ya mwisho. Kisha huwasha tena ATN na kubadilisha majukumu: 22 awe msemaji, kompyuta iwe msikilizaji. ATN unapozimwa mara ya pili, kompyuta haina haki ya kusema. Inangoja.

4.0 Kupeana mkono

Jakobson (1960) alitenga dhima ya lugha inayohusu njia ya mawasiliano yenyewe: maneno yasiyobeba habari bali yanayothibitisha kwamba pande mbili bado zipo pamoja. Fanani wa Kiswahili hutumia dhima hiyo anaposema "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!" kabla ya kuanza ngano. Hadhira isipoitikia, hadithi haianzi. Katika IEEE 488 dhima hiyo imepewa nyaya tatu, nazo hufanya kazi yake katika kila baiti, si mwanzoni tu.

Waya wa kwanza, NRFD, hushikwa na kila msikilizaji ambaye bado hayuko tayari. Kwa kuwa wote wanaushika waya mmoja, hauachiliwi mpaka wa mwisho auachie. Hapo msemaji huweka baiti kwenye nyaya nane na kuwasha waya wa pili, DAV, kuonyesha kwamba kilichowekwa ni halali. Wasikilizaji huichukua kila mmoja kwa kasi yake, na anayemaliza huachilia waya wa tatu, NDAC. Wa mwisho akiuachia, msemaji huondoa baiti na mzunguko huanza upya. Matokeo yake ni kwamba kasi ya mazungumzo yote huamuliwa na msikilizaji mzito kuliko wote. Hakuna neno linalopotea kwa sababu mmoja alikuwa bado anaandika. Walimu wengi wangetamani darasa la namna hiyo.

Ubora huo una mpaka wake. Kupeana mkono huthibitisha kwamba baiti imepokewa, hakuthibitishi kwamba imeeleweka. Amri yenye kosa la tahajia hupita nyaya zote tatu kwa heshima zote.

5.0 Swali na jibu

Mazungumzo ya binadamu yana jozi za kauli ambazo ya kwanza hudai ya pili: salamu hudai mwitiko, swali hudai jibu. IEEE 488.2 imeigeuza desturi hiyo kuwa sheria. Kauli yenye alama ya kuuliza hudai jibu. Kauli isiyo nayo haina jibu kabisa. Chombo kikiambiwa *RST hurudi katika hali yake ya mwanzo bila kusema lolote. Hicho ni kitendo-uneni kwa maana halisi ya Austin (1962), kwani kutamka ndiko kutenda. Kikiulizwa *IDN? hujitambulisha kwa sehemu nne zilizotenganishwa kwa mkato: kiwanda, modeli, namba yake binafsi na toleo la programu yake ya ndani.

Mtindo huu wa kutoitikia amri una hatari. Mwandishi wa programu akikosea kuandika amri ya kubadilisha kiwango cha kupimia, ala haitapiga kelele. Itaandika kosa katika foleni yake ya ndani na kubaki katika hali ya zamani, na swali litakalofuata litajibiwa vizuri kabisa kwa kufuata hali hiyo ya zamani. Kosa litatajwa pale tu ala itakapoulizwa SYST:ERR?, na kama hakuna kosa itajibu 0 pamoja na maelezo kwamba hakuna kosa. Ni adabu ya mtu asiyemsema mgeni mbele ya watu, lakini mgeni asiyeuliza ataondoka akidhani hakukosea. Programu nyingi za maabara hazina swali hilo hata mara moja.

5.1 Vitenzi vitatu vya kuleta kipimo

SCPI ina vitenzi vitatu ambavyo huchanganywa sana na wanaojifunza. FETC? huomba kipimo kilichokwisha kufanywa kiletwe kama kilivyo. READ? huanzisha upimaji mpya, hungoja uishe, kisha huleta matokeo. MEAS? hufanya hayo yote baada ya kwanza kuipanga ala upya kwa hali inayofaa aina ya kipimo kilichoombwa. Tofauti yao ni ya kisemantiki, lakini athari yake huonekana kwenye data. Mtafiti aliyepanga ala yake kwa uangalifu kwa mistari kumi ya amri, kisha akauliza kwa MEAS?, ameifuta mipangilio yake kwa neno moja. Naye anayeuliza kwa FETC? mara mbili bila kuanzisha upimaji kati yake anaweza kuletewa namba ileile mara mbili, akadhani mkondo umetulia.

5.2 Muda wa subira

Katika mazungumzo ya watu kimya kirefu baada ya swali hufasiriwa: aliyeulizwa hakusikia, hataki, au anafikiri. Kompyuta haina ufasiri huo. Huwekewa muda wa subira. Ukipita, hukata tamaa na kutangaza kushindwa. Muda huo hauwezi kukisiwa tu.

Chukua multimita HP 34401A, ala iliyoenea sana katika maabara tangu miaka ya 1990 na ambayo ilikuwa ikitoka kiwandani ikiwa na anwani 22. Ili kupunguza kelele ya umeme wa gridi, inaweza kuamriwa kukusanya kipimo kwa muda wa mizunguko 100 ya umeme huo. Ikiwa imeruhusiwa pia kupima sifuri yake kila mara, muda huo huwa maradufu. Marekani, ambako umeme huzunguka mara 60 kwa sekunde, kipimo kimoja huchukua takriban sekunde 3.3. Tanzania na Kenya umeme huzunguka mara 50, hivyo kipimo hichohicho huchukua sekunde 4. Programu iliyoandikwa Marekani na kupewa subira ya sekunde 3.5 haitakuwa na tatizo huko. Ikihamishiwa Dar es Salaam au Nairobi itakata tamaa nusu sekunde kabla jibu halijatoka, na fundi atahangaika kubadilisha kebo isiyo na kosa lolote.

5.3 Jibu la swali lililopita

Kinachotokea baada ya kukata tamaa ndicho kiini cha makala hii. Kompyuta imeacha kungoja, lakini ala haijui hilo. Inaendelea kupima na mwishowe huweka jibu kwenye foleni yake. Kompyuta inauliza swali la pili.

Katika njia inayofuata IEEE 488.2 kikamilifu, ala hutambua kwamba imekatizwa. Hulitupa jibu la kwanza, huandika kosa namba -410, na kushughulikia swali jipya. Kosa la kinyume chake, yaani kompyuta kutoa zamu ya kusema kwa ala ambayo haijaulizwa lolote, au imeulizwa nusu, lina namba -420. Lipo na la tatu, -430, linalotokea kompyuta inapomwaga maswali mengi mfululizo bila kupokea majibu: foleni ya majibu hujaa, ala haiwezi kupokea zaidi, kompyuta nayo haiwezi kusikiliza kwa kuwa haijamaliza kusema. Ala huvunja mkwamo huo kwa kuyatupa majibu.

Katika waya wa mfululizo wa RS-232, au katika mtandao, mambo ni tofauti. Hapo jibu lililochelewa huja lenyewe na kukaa katika ghala ya kupokelea iliyomo ndani ya kompyuta. Swali la pili linapoulizwa, kompyuta hufungua ghala na kulikuta jibu tayari. Hulichukua kama jibu la swali la pili. Jibu la pili litachukuliwa kama la tatu, na hivyo hivyo hadi mwisho wa jaribio. Hakuna kosa litakaloandikwa. Ikiwa jaribio lilikuwa la kupandisha volti kwa hatua 20 na kupima mkondo katika kila hatua, mchoro utatoka ukiwa na umbo lake sahihi, laini na la kupendeza, ila umesogea hatua moja. Hakuna jicho litakaloliona hilo bila kujua pa kutazama.

Kiswahili kina kinga dhidi ya kosa la namna hii. Mtu akiuliza "Viti vingapi?" hujibiwa "Vitano", akiuliza "Watu wangapi?" hujibiwa "Watano". Jibu limefupishwa hadi neno moja, lakini kiambishi cha upatanisho kimebeba alama ya swali lililoulizwa. Aliyeuliza viti akasikia "Watano" atajua papo hapo kwamba amejibiwa jambo jingine. Ala ikiulizwa volti hujibu +5.02134000E+00, ikiulizwa mkondo hujibu kwa umbo lilelile. Hakuna kizio, hakuna ngeli, hakuna upatanisho. Maelekezo ya Grice kuhusu kiasi yamefuatwa kupita kiasi: ala haisemi zaidi ya ilivyoulizwa, na kwa hiyo haiachi ushahidi wa ilichoulizwa.

Baadhi ya ala zimerudishiwa upatanisho huo. HP 34970A, inayopima njia nyingi kwa zamu, inaweza kuamriwa kuambatanisha kila kipimo na kizio chake, muda wake na namba ya njia kilikotoka. Watumiaji wengi huzima viambatisho hivyo ili kurahisisha uchambuzi wa namba. Kwa maneno mengine, wananunua wepesi kwa kuuza ngeli.

Pale ambapo upatanisho haupo, dawa ni ya kitaratibu. Baada ya subira kuisha, programu haipaswi kuuliza swali jingine la upimaji. Kwanza isafishe njia kwa ishara ya kufuta iliyowekwa kwa kazi hiyo, imwage chochote kilichobaki katika ghala, kisha iulize swali ambalo jibu lake linajulikana, kama vile *IDN?. Likija jina la ala, mazungumzo yamerudi kwenye mstari. Ikija namba ya volti, bado.

5.4 Kunyosha mkono

Kuna njia ya kungoja isiyohitaji subira ndefu. Ala ina baiti ya hali ambayo kompyuta inaweza kuitazama bila kuchukua zamu katika mazungumzo, kama vile mtu anavyotazama uso wa mwenzake. Biti yenye thamani 16 katika baiti hiyo huwaka pale jibu linapokuwa tayari. Aidha ala inaweza kuwasha waya wa SRQ, ambao ni sawa na mwanafunzi kunyosha mkono. Kwa kuwa waya huo ni wa wote, kiongozi huona kwamba mkono umenyoshwa lakini haoni ni wa nani. Hulazimika kumuuliza mmoja mmoja.

6.0 Umbo la jibu

IEEE 488.2 ina msimamo mmoja ambao ungewavutia walimu wa lugha: kusikiliza kwa usamehevu na kusema kwa usahihi. Ala hukubali 5, 5.0, +5.00 au 5E0 kuwa kitu kimoja, lakini yenyewe husema kwa umbo moja lililowekwa. Kompyuta nayo inapaswa kusoma umbo hilo kwa uangalifu. Desimali hutengwa kwa nukta, na mkato hutenganisha namba moja na nyingine. Kwa wasomaji wa Tanzania na Kenya jambo hilo ni la kawaida. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Kifaransa, kama zinavyopangwa nyingi Burundi na Kongo, hutarajia mkato mahali pa nukta, na programu inayotegemea mpangilio wa kompyuta inaweza kuikataa namba halali au kuibadilisha thamani.

Pia si kila namba ni namba. Kipimo kikizidi uwezo wa ala, hujibu 9.9E37. SCPI imeitenga thamani hiyo kumaanisha "bila kikomo", na 9.91E37 kumaanisha "hii si namba". Hayo ni maneno yaliyovaa vazi la tarakimu. Programu isiyoyajua huyaingiza katika wastani, 4.98, 5.02 na 9.9E37 hutoa wastani wa 3.3E37, na kwenye mchoro vipimo vingine vyote huonekana vimelala juu ya sifuri.

Osiloskopu hutoa maelfu ya vipimo kwa mkupuo, na kuviandika vyote kwa tarakimu kungechukua muda mrefu. Kwa hiyo hutumwa kama baiti tupu ndani ya fungu linaloanza na alama #. Tarakimu inayofuata hutaja idadi ya tarakimu za urefu, kisha huja urefu wenyewe: #42000 humaanisha "tarakimu nne zinafuata, nazo zasema baiti 2000". Sababu ya mzunguko huo ni kwamba ndani ya fungu baiti yoyote inaweza kutokea, pamoja na baiti 10, ambayo kwa kawaida ni alama ya mwisho wa ujumbe. Kompyuta iliyoagizwa kusimama kila inapokutana na 10 itasimama katikati ya wimbi. Mabaki yatangoja katika foleni, na kosa la 5.3 litakuwa limezaliwa upya. Fungu lazima lisomwe kwa kuhesabu.

Vipimo vya baiti mbili huleta suala la mpangilio. Ala nyingi hutanguliza baiti kubwa. Kompyuta za kawaida za Intel hutanguliza ndogo. Namba 1, yaani baiti 0 na 1, ikisomwa kinyume huwa 256. Mswahili anayejifunza Kiarabu hukutana na jambo hilihili. Kiswahili kiliazima neno ishirini kutoka Kiarabu lakini hakikuazima mpangilio: ishirini na tatu kwa Kiarabu ni "tatu na ishirini", mamoja mbele ya makumi. Mwarabu na Mswahili wanaelewana kwa sababu kila tamko limetajwa kwa jina lake. Baiti hazina majina hayo, kwa hiyo mpangilio sharti ukubaliwe kabla.

Hata baiti zikifika salama, bado si volti. Katika osiloskopu za Tektronix kila baiti hupunguzwa thamani ya msawazo, ikazidishwa kwa kizidisho, kisha ikaongezwa sifuri ya ala. Baiti 75, msawazo ukiwa 25, kizidisho 0.04 na sifuri 0, ni volti 2. Thamani hizo tatu hutolewa kwa maswali mengine. Mtu akigusa kitufe cha ukubwa baada ya thamani hizo kuulizwa na kabla ya wimbi kuletwa, ufasiri wote unakuwa wa hali iliyokwisha kupita.

7.0 Ufupishaji na umbo la neno la Kiswahili

Msamiati wa SCPI hukubali kila neno kwa sura mbili tu, ndefu na fupi. MEASURE na MEAS hukubaliwa. MEASU hukataliwa kwa kosa -113. Sura fupi hupatikana kwa kuchukua herufi nne za kwanza, ila kama ya nne ni irabu huchukuliwa tatu. Hivyo VOLTAGE ni VOLT, lakini POWER ni POW.

Kanuni hiyo inafaa lugha ambayo neno huanza na mzizi na silabi zake hufungwa kwa konsonanti. Ikijaribiwa katika Kiswahili, ambacho silabi zake huwa wazi na maneno yake huanza na viambishi ngeli, huanguka mara moja. Kipimo, kipindi na kipaza sauti yote huwa KIP. Wimbi huwa WIMB, lakini mawimbi huwa MAW. Umoja na wingi havitambuani. Kilichobaki ni kiambishi, na kilichotupwa ni mzizi.

Kukata kuanzia kwenye mzizi pekee hakutoshi, kwani kipimo, mpimaji na upimaji yatakuwa PIM. Suluhisho linaloelekea kufaa ni kuchukua herufi ya kwanza ya kiambishi ngeli pamoja na herufi tatu za kwanza za mzizi: KPIM, MPIM, UPIM, kisha KPIN kwa kipindi, KPAZ kwa kipaza, na VPIM kwa vipimo. Kila moja lina herufi nne na hakuna mawili yanayogongana. Migongano itabaki hapa na pale. Masafa na msafiri yote yatakuwa MSAF, lakini msafiri hana kazi katika lugha ya multimita.